Aliyechelewa, Je, Aingie Mchezoni?

Kuna methali mbili ambazo sote twazijua, na kila mtu huchukua ile inayompendeza siku ile. Ya kwanza yasema: Kawia ufike. Ya pili yasema: Asiyekuwapo na lake halipo. Akichelewa ndugu yetu, twamtetea kwa ile ya kwanza. Akichelewa mtu tusiyempenda, twamfungia mlango kwa ile ya pili. Basi leo twataka kuuliza: ni ipi iliyo ya haki? Au zote mbili ni za haki, kila moja mahali pake?

Swali hili lilitupata sisi wenyewe katika Base ya Kamina, siku ya mpira, nasi hatukulijibu vema. Ndiyo maana twaliandika hapa, ili wengine wasikose kama tulivyokosa sisi.

Mambo yalivyokuwa

Wasioijua Kamina wafahamu kwanza kwamba ziko Kamina mbili. Uko mji, penye njia panda ya reli: njia moja yatoka Lubumbashi, nyingine yaelekea Ilebo, na ya tatu yaenda Kabalo hata Kalemie. Tena iko Base, mwendo wa kilomita zaidi ya 20 kutoka mjini. Wabelgiji waliijenga baada ya vita kuu ya pili, iwe kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege. Ndiko walikoondokea askari wa miamvuli wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba 1964, walipokwenda Stanleyville, mji ambao leo huitwa Kisangani. Hata leo ni mahali pa askari na jamaa zao.

Kwa hiyo watu wa Base huishi kwa saa na kwa kuitwa majina. Jina likitajwa na mwenyewe haitiki, ameandikwa kuwa hayupo, na shauri limekwisha. Watu wa mji nao huishi kwa treni, na treni hufika inapofika. Mtu wa mji akisema atarudi kesho, mke wake anajua kwamba pengine ni kesho, pengine ni kesho kutwa, wala hamgombezi. Hatusemi kwamba desturi moja ni njema na nyingine ni mbaya. Twasema tu kwamba siku ile zote mbili zilikutana uwanjani.

Ilikuwa mashindano ya vijana, miaka michache iliyopita. Timu moja ilikuwa ya watoto wa Base, nyingine ilitoka mjini. Sisi tulikuwa watu watatu wa halmashauri, tumekaa mezani chini ya mti, kazi yetu kupokea karatasi ya mchezo na kutazama leseni za wachezaji. Mchezo ulipangwa uanze saa tisa alasiri.

Timu ya mji ilifika kwa lori. Katika wachezaji 11 walioandikwa, mmoja hakuwamo. Alikuwa amekwenda Kaniama kumwangalia mama yake mgonjwa, na alikuwa ameahidi kurudi kwa treni ya usiku. Jina lake liliandikwa tangu jana yake, na leseni yake ilikuwa mkononi mwa kiongozi wa timu. Lakini treni ilikawia. Viongozi wake waliona haya kuanza na watu 10 mbele ya umati. Katika lori alikuwamo kijana mwingine aliyekuja kutazama tu, mwenye nguvu na mbio, lakini hakuandikwa katika timu yo yote. Wakamvika jezi ya yule asiyekuwapo, wakamwambia: leo wewe ndiwe fulani. Sisi tulitazama picha ya leseni kwa haraka, tukaipitisha. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Kipindi cha kwanza kilipokwisha, akaja kijana mmoja na baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka magotini. Treni ilikuwa imefika mchana, naye akapanda baiskeli moja kwa moja kutoka stesheni mpaka Base. Kwanza alikwenda kwa wenzake. Kisha akaja mezani kwetu, akatusalimu kwa adabu, akasema, “Baba, wameniambia nikae kimya. Mimi sitaki kumshitaki mtu. Nataka kujua neno moja tu: jina langu limekwisha kuingia uwanjani?”

Tukatazamana. Tulifahamu mara moja. Mmoja wetu alisema, “Tumwite mwamuzi sasa hivi.” Mwingine akasema, “Watu ni wengi, kutakuwa na fujo. Tungoje mchezo uishe, tutasema kwa utulivu.” Tukachagua kungoja. Hilo lilikuwa kosa letu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la uzembe, na la pili tulilifanya tukijua.

Katika kipindi cha pili yule mwenye jezi ya kuazima akafunga bao, na timu ya mji ikashinda. Aliyekuwa na kipaza sauti akatangaza jina la mfungaji. Watu wa mji wakaliimba jina hilo, wakapiga makofi. Na mwenye jina alikuwa amesimama kando ya meza yetu, ameshika baiskeli, wala hakuna aliyemtazama.

Baadaye tulisema kweli. Ushindi uliondolewa, Base wakapewa. Na vijana wa mji, badala ya kuwakasirikia viongozi wao au sisi, wakamgeukia yule wa baiskeli: “Umetuuza.”

Maneno ya watu watatu

Jioni ile kila mtu alikuwa na hukumu yake. Twataja tatu.

Mzee mmoja aliyekuwa askari alisema: “Aliyechelewa amechelewa. Mngeandika sheria kwamba asiyekuwapo saa tisa hachezi kabisa, wala msingekuwa na shida hii.”

Mama mmoja wa mjini alisema: “Mtoto amekaa na mama yake mgonjwa, amesafiri usiku na mchana, halafu ninyi mnauliza karatasi? Mtu ni mtu. Amefika, aingie.”

Na kiongozi wa timu ya mji akajitetea hivi: “Walicheza 11 kwa 11. Karatasi ina majina 11, uwanja una watu 11. Nani ameibiwa?”

Maneno yote matatu yana sura ya haki. Haifai kuyatupa bila kuyapima. Basi tuyapime.

Sheria ya mpira yasemaje

Mzee askari alidhani kwamba sheria ya mpira wa miguu haina neno juu ya aliyechelewa. Sheria inalo, tena ni wazi. Timu ina wachezaji 11 kwa wingi; na ikiwa timu mojawapo ina watu chini ya 7, mchezo hauwezi kuanza wala kuendelea. Kwa hiyo timu yenye watu 10, au 9, au hata 7, yaweza kuanza. Na hao wanaokosekana? Mahali ambapo mashindano yadai majina yote yatolewe kabla ya mchezo, sheria yasema kwamba wale tu walioandikwa katika karatasi ndio wanaoweza kuingia watakapofika. Aingie kwa ruhusa ya mwamuzi, baada ya vifaa vyake kutazamwa. Asiyeandikwa haingii, hata kama alikuwapo uwanjani tangu asubuhi.

Tazameni basi jambo la ajabu kidogo. Yule aliyekuwa mbali, katika treni, alikuwa na haki ya kucheza. Yule aliyekuwapo, ameketi katika lori tangu mapema, hakuwa nayo. Sheria haikuuliza kwanza mtu alifika saa ngapi. Iliuliza kama ameahidiwa.

Maana karatasi ya mchezo ni ahadi. Timu inawaambia wenzao na mwamuzi: hawa ndio watu wetu, hawa ndio mtakaocheza nao leo. Wenzao wakishaipokea karatasi ile, wamekubali kushindana na kila aliyemo. Akija mmoja wao kwa kuchelewa, hakuna aliyedanganywa. Vijana wa Base wasingaliweza kulalamika na kusema, “Sisi tulijipanga dhidi ya watu 10.” Walikubali watu 11. Ile nafasi tupu ilikuwa bahati yao kwa muda, na bahati ya muda haiwi mali ya mtu.

Basi twamjibu mzee askari: saa ina heshima yake, lakini haikuwekwa ili iyafute majina yaliyokwisha kupokewa. Nawe mama, twakujibu kwamba tulipaswa kumpokea mtoto yule, kwa kuwa alikuwa ameandikwa. Laiti angekuja mwingine, ndugu yake, naye amehangaika njiani vilevile, lakini hakuandikwa, tungemwonea huruma, tungempa maji na mahali pa kukaa, wala tusingeweza kumwingiza uwanjani. Huruma yetu haina ruhusa ya kuvunja ahadi tuliyowapa wengine.

Nani alipe nafasi tupu?

Watu wengine waogopa kwamba sheria hiyo yaleta hila. Wasema: kiongozi mjanja atamficha mchezaji wake mwepesi, atamleta wakati wengine wamechoka. Tuangalie kama hofu hiyo ni ya kweli.

Uko mchezo mmoja unaoweza kutufundisha hapa, ingawa kwetu Kamina haujulikani. Ni softboli, mchezo wa gongo na mpira, ulioanzia Chicago, Marekani, mwaka 1887, na siku hizi huchezwa hata Uganda na Kenya. Katika mchezo huo wachezaji hupiga mpira kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu ulioandikwa kabla ya kuanza. Wakitolewa watu watatu, zamu ya timu nzima imekwisha, na timu nyingine hushika gongo. Basi wafanyeje mmoja asipofika? Kanuni zinazofuatwa na wengi huko Marekani husema hivi: timu iliyopungukiwa na mtu mmoja yaweza kuanza, lakini nafasi yake iandikwe mwisho wa orodha, na kila mara zamu ya nafasi ile tupu inapofika, yahesabiwa kana kwamba mtu ametolewa. Akifika, anaishika nafasi. Yaliyokwisha kuhesabiwa hayafutwi.

Ni hekima ya watu wa kawaida waliokuwa na kazi zao na safari zao, wakataka mchezo uendelee bila kumwonea mtu. Mlango haukufungwa. Wala wapinzani hawakulipishwa kosa lisilo lao. Hasara ya nafasi tupu imekaa juu ya timu yenye nafasi ile, zamu kwa zamu, mpaka mwenyewe afike.

Mpira wa miguu nao hufanya vivyo hivyo bila kuandika hesabu. Timu yenye watu 10 hukimbia kwa ajili ya 11. Anayeficha mchezaji wake atalipa kila dakika kwa miguu ya wenzake. Kwa hiyo hila ile haina faida kubwa, na sheria haina haja ya kuongeza adhabu juu yake.

Hapo ndipo viongozi wa timu ya mji walipokosa. Walikuwa na njia halali mbele yao, nayo ilikuwa ngumu kidogo tu: kuanza na watu 10, kuvumilia, na kumngoja ndugu yao. Hawakutaka kulipa. Wakaijaza nafasi kwa uongo, na walipoijaza, wakamfungia nje yule yule mwenye nafasi. Mwenye kuchelewa hakufungiwa na saa wala na mwamuzi. Alifungiwa na wenzake.

Kitu kinachoweza kumpokea, na kisichoweza

Lakini je, kila mahali aliyeandikwa aingie hata akichelewa? Hapana. Kuna mambo yasiyoweza kumpokea mtu katikati.

Mwaka 1972, katika michezo ya Olimpiki mjini Munich, Wamarekani wawili, Eddie Hart na Rey Robinson, walikuwa miongoni mwa watu wenye mbio kuliko wote duniani katika mita 100. Kocha wao alikuwa na ratiba ya zamani, akadhani mbio zao za mzunguko wa pili ni za baadaye jioni. Waliziona mbio zenyewe katika televisheni. Wakakimbilia uwanjani kwa gari, lakini zamu zao zilikuwa zimekwisha. Mwenzao wa tatu, Robert Taylor, alifika akaiwahi zamu yake, akakimbia, na mwisho akapata medali ya fedha. Hart na Robinson walikuwa wameandikwa, wala kosa halikuwa lao. Hata hivyo hawakuingia tena. Kwa nini? Kwa sababu mbio za mita 100 zikishakimbiwa, hakuna mahali pa kumtia mtu. Kumkubali ni kuyatangua yaliyofanywa na wengine waliokimbia kwa haki.

Linganisheni na Ferdinand Omanyala wa Kenya. Mwezi wa Julai 2022 visa yake ya kuingia Marekani ilikawia, akafika Eugene siku ile ile ya mbio, saa chache tu kabla ya zamu yake. Alichoka kwa safari ndefu, lakini bunduki ilikuwa haijalia. Akasimama mstarini, akakimbia kwa sekunde 10.10, akaingia nusu fainali, na huko ndiko alikotolewa. Hakuna aliyempa nafasi ya kupumzika zaidi, wala hakuna aliyemzuia. Uchovu ulikuwa mzigo wake, na mstari ulikuwa haki yake.

Wasomaji wetu watakumbuka hapo mifano miwili ya Injili ambayo wengine hudhani kwamba inapingana. Katika mmoja, vibarua walioingia shamba la mizabibu jua likikaribia kuchwa walipokewa, wakapewa ujira sawa na wale wa alfajiri. Katika mwingine, wanawali waliokwenda kununua mafuta walirudi wakakuta mlango wa arusi umefungwa. Kazi ya shamba yaweza kupokea mikono mipya mpaka saa ya mwisho. Lakini kuna saa ambayo jambo limekwisha kutimia, na mlango ukifungwa hapo, haufungwi kwa chuki. Mtu mwenye busara hujiuliza: hili nililo nalo mbele yangu ni shamba, au ni mlango wa arusi? Mchezo wa dakika 90 ni kama shamba. Kijana wetu alifika nusu ya siku ya kazi.

Je, mwamuzi aulize sababu?

Mama yule wa mjini alitaka tuitazame sababu ya kuchelewa. Mama mgonjwa ni sababu njema. Pombe ya jana ni sababu mbaya. Moyo wetu wakubaliana naye. Lakini uwanjani, dakika ya 40, nani atapima? Mwamuzi hana njia ya kujua kama mama ni mgonjwa kweli. Akianza kuuliza, mwenye maneno matamu ataingia, na mwenye haya atabaki nje. Kijana wetu hakutueleza habari za mama yake, tulizijua baadaye. Kama haki yake ingetegemea ufasaha wake, angeikosa.

Kwa hiyo twaona ni afadhali mlango uwe mmoja kwa mvivu na kwa mwenye bahati mbaya: umeandikwa, mchezo haujaisha, ingia. Sababu zitazamwe na wale wanaomjua mtu, nao ni wenzake na viongozi wake, nyumbani, siku nyingine. Hao ndio wenye haki ya kumwonya mvivu, na wajibu wa kumtetea mwenye shida.

Lakini sisi wenye kupanga saa tuna jambo letu. Watu wengi wakumbuka yaliyotokea Dar es Salaam tarehe 8 Mei 2021. Mchezo wa Simba na Yanga ulipangwa kuanza saa 11 jioni. Siku ile ile wakuu wakausogeza hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa ya pili. Mchezo haukuchezwa, ukangoja mpaka tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0. Nani alichelewa siku ile? Kila timu iliweza kusema kwamba ilifika kwa wakati. Saa nayo ni ahadi, kama karatasi ya majina. Na anayeipanga au kuigeuza bila kuangalia hali ya watu anaweza kuwafanya wengine wachelewe bila wao kukosa. Hata sisi tulipanga saa tisa bila kuuliza nani anasafiri kwa treni. Tungeuliza, tungejua.

Nani ameibiwa?

Imebaki hoja ya kiongozi wa timu: 11 kwa 11, nani ameibiwa? Hoja hii ndiyo yenye sumu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi.

Twajibu kwamba walioibiwa ni wengi. Vijana wa Base waliibiwa, maana walikubali kushindana na watu fulani, wakaletewa mwingine. Mwamuzi aliibiwa, maana alitia sahihi yake juu ya uongo bila kujua. Yule kijana mwenye jezi ya kuazima aliibiwa pia, ingawa alicheka siku ile: alifunga bao zuri, na bao lile si la mtu ye yote. Hawezi kumhadithia mtoto wake bila kuungama.

Na aliyeibiwa kuliko wote ni yule wa baiskeli. Kwetu jina si alama tu ya kumwitia mtu. Hupewa na wazazi, mara nyingi kutoka kwa babu aliyetangulia, na Mkristo huongezewa jingine kisimani pa ubatizo. Kuchelewa kwake kungemgharimu kipindi kimoja cha mchezo. Wenzake walimnyang'anya mchezo wote, wakampa sifa ya bao asilolifunga, na kisha lawama ya usaliti asioutenda. Alisimama akisikia jina lake likiimbwa, naye hana ruhusa ya kuitika.

Tena alikuwa amesema kwa upole kuliko sisi sote. Hakushitaki. Aliuliza swali tu, na swali lile lilikuwa nafasi yetu ya kutenda haki kwa wakati. Tungemwita mwamuzi pale pale, mchezo ungesimama dakika chache, watu wangepiga kelele, na kweli ingejulikana kabla ya bao. Tulingoja utulivu. Utulivu ulipokuja, madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka. Siku ile, katika watu wote waliokuwako uwanjani, waliochelewa hasa tulikuwa sisi.

Yatupasa tufanyeje?

Majuma mawili baadaye tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema hana neno nasi. Twaamini alisema kweli. Lakini msimu ule hakurudi uwanjani, nasi hatukuwa na haki ya kumlazimisha. Viongozi wa timu yake tuliwataka waseme mbele ya vijana wote kwamba kosa lilikuwa lao, wala si lake. Mmoja alikubali, mwingine alikataa.

Tangu hapo twafuata mambo machache, nasi twayaweka mbele ya wasomaji wenye kusimamia michezo, hata na shughuli nyingine za parokia, maana kwaya, vyama na mikutano vina wachelewaji wao.

Kwanza, kabla ya kupanga saa, twauliza nani anatoka mbali na kwa njia gani.

Pili, majina husomwa kwa sauti kabla ya mchezo, na kila mtu huitika mwenyewe mbele ya wapinzani. Asiyeitika, twapiga mstari mdogo kando ya jina lake. Mstari ule haulifuti jina. Waonyesha kwamba bado twamngoja.

Tatu, timu iliyopungukiwa huanza na watu ilio nao, wala hatuwacheki. Twawaambia vijana kwamba kucheza watu 10 kwa ajili ya ndugu aliye njiani ni heshima, nao siku hizi wanaanza kuamini.

Nne, mtu akija mezani na swali, mwamuzi huitwa wakati ule ule, hata umati ukipiga kelele.

Basi tukiulizwa tena ile methali ipi ni ya haki, twajibu: kwa aliyeandikwa, na mchezo ungali unaendelea, kawia ufike. Asiyekuwapo na lake halipo ni neno la kweli kwa habari ya dakika zilizopita: hizo hazirudi, na wenzake wamekwisha kuzilipa. Lakini jina lake lipo, na lisiguswe na mtu mwingine mpaka mwenyewe afike.